Kichwa cha Moto Hakinyolewi

Duka langu la kinyozi lina sheria moja: kichwa cha moto hakinyolewi. Mtu akiingia amefura, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za kuanikia nguo, simgusi. Namkalisha kwenye kiti cha mbao kilicho karibu na dirisha, namwambia aifuate pumzi yake ikiingia na kutoka, nami naendelea na wengine. Akipiga miayo, amepoa. Hasira na miayo havikai mdomo mmoja. Hapo namhamishia kiti cha kunyolea, namuuliza anataka nini, na lolote atakalosema nalifanya bila kumbishia, hata akitaka nimchoree ramani ya dunia kisogoni.

Sheria hii sikuiokota njiani. Niliipata shule ya jioni, niliyoanza kuhudhuria kichwa kikiwa na mvi, nikikaa dawati moja na watu wa umri wa wanangu. Mwalimu wetu aliwahi kuishi na watawa wa Kibudha. Alitufundisha kwamba akili yenye hasira ni kama maji yanayochemka: ukiyainamia utazame uso wako, hutauona, utaungua pua tu. Maji yakitulia, uso unaonekana wenyewe. Alisema pia kwamba uamuzi mbaya huota kwenye mizizi mitatu, tamaa, chuki na upumbavu, na mwenye busara hujichungulia kwanza ajue ni upi unaomsukuma. Wenzangu waliyaandika hayo ili wafaulu mtihani. Mimi niliyaandika ili niyatumie. Cheti changu nimekitia fremu na kukitundika juu kidogo ya kioo, ili kila ninayemnyoa akisome, apende asipende.

Wateja walikibatiza kile kiti cha dirishani jina la "friza". Wengi wamepona pale. Bwana mmoja alikuja mbio kunyoa masharubu aliyoyalea tangu ujana, kwa kuwa shemeji yake aliyacheka mbele za watu. Alipopiga miayo aliomba nimpunguzie ncha tu, akaenda zake akiyapapasa kama mtu aliyempata mtoto wake aliyepotea sokoni.

Basi, alasiri moja, wiki ya harusi ya binti yangu, nilikuwa namnyoa ndevu mwalimu mmoja mstaafu tunayemwita Kengele. Jina hilo alilipata kwa sababu ndiye aliyekuwa akigonga kengele ya shule, na mpaka leo akiona maongezi yamekuwa marefu hukohoa na kuyafunga. Nilikuwa nimemaliza shavu moja, la pili limejaa povu. Mlango ukafunguliwa, akaingia binti yangu mwenyewe, akavua kilemba na kukitupa juu ya redio.

"Baba, ninyoe. Zote."

Nywele zenyewe zilikuwa ndefu, nyeusi, na shangazi zake walikuwa wameshagawana kazi: mmoja atasuka, wa pili atapamba maua, wa tatu atakosoa. Nikamtazama shingoni. Kamba zilikuwa zimesimama. Nikanyoosha kidole kuelekea dirishani.

Alinikumbusha kwamba yeye si mteja, ni mwanangu. Nikamjibu kwamba sheria haina mjomba. Akaenda akaketi kwa kishindo mpaka kioo kikatikisika. Nikaanza kumwelekeza kwa ile sauti yangu ya chini, nikimwambia avute pumzi polepole, na ndipo akaniangalia kama nimemtukana.

"Usinipumulie na wewe," akasema. "Leo nimeshapumuliwa vya kutosha."

Ikabidi nimuulize maana yake, naye akaeleza yote kwa pumzi moja. Binti yangu ni fundi miwani. Tajiri wake anafungua duka jipya katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kutoka hapa, na anataka yeye ndiye akaliongoze. Jibu linatakiwa kesho asubuhi. Anaitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mchana ule alimweleza mchumba wake wakiwa mezani hotelini, akamuuliza wazi: twende wote, au unasemaje? Yule bwana akaweka kijiko chini. Akanyoosha mgongo. Akafumba macho.

"Nikangoja," akasema. "Akawa anapumua tu. Watu wa meza ya pili wakaacha kula. Mhudumu akaja kuniuliza kama bwana ni mgonjwa. Jambo la maisha yetu, baba, na yeye amefunga macho kama duka siku ya msiba. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Mume wa hivyo simtaki. Ninyoe, nikampelekee hizo nywele ndani ya mfuko, aoe hizo."

Hapo nikahisi Kengele anatikisika chini ya wembe. Alikuwa anacheka. Nikamwonya kwamba koo lake liko mkononi mwangu, asijisahau. Lakini nilijua anachocheka. Siku mchumba yule alipokuja kunyolewa, Kengele alikuwepo.

Mchumba mwenyewe ni fundi wa friji, na mimi humwita Bwana Baridi. Si mtu mbaya. Ana tabia ya kupiga mluzi akiwaza, na kila mashine huiita "mgonjwa", mambo ambayo kwangu mimi yanakera kidogo. Siku hiyo aliniuliza, kwa heshima zote, afanye nini ili aishi vizuri na mwanamke mwenye ulimi mwepesi. Mtu aliyesoma kwa jasho lake akiombwa maarifa hayazuii. Nikamsomesha. Nikamwambia mkeo akikuletea neno zito usilirukie, fumba macho, pumua, maji yatulie. Nilikuwa karibu kuendelea, akaingia mteja mwingine, somo likakatika hapo. Sehemu ya pili, ile ya kufumbua macho na kumwambia mwenzio ulichokiona, ilibaki kinywani mwangu.

Ningeweza kumwambia binti yangu ukweli huo papo hapo. Sikumwambia. Badala yake nilijikuta nikimpa nasaha, sauti laini kama sabuni mpya. Nikasema uamuzi mkubwa hauharakishwi. Nikasema nafasi za kazi huja na kupita. Nikasema, kwa utulivu mkubwa, kwamba yafaa amwandikie tajiri wake kuomba asubiriwe mwaka mmoja, waoane kwanza, wakae hapahapa mjini, mambo yatajionyesha.

Kengele akaniangalia kupitia kioo.

"Hayo ya mwaka mmoja," akasema, "ni ya Budha, au ni ya baba anayetaka kupelekewa supu kila Jumapili?"

Binti akageuza kichwa. Nikamwambia Kengele kwamba mtu aliyenyolewa upande mmoja hana haki ya kuongea. Akasema yeye amenyolewa upande mmoja wa uso, ila wapo walionyolewa upande mmoja wa elimu. Halafu akamalizia kwa kukohoa: "Kinyozi hajinyoi."

Nakiri damu ilinipanda. Nilihisi joto masikioni, na nilipojitazama kwenye kioo niliona shingo yangu mwenyewe, kamba zote zimesimama, na juu yake cheti changu kinang'aa ndani ya fremu. Kengele alipokonya taulo begani mwangu na kuanza kujifuta. Binti yangu ndiye aliyeinuka dirishani, akakifuta kile kiti kwa kiganja kama mtu anayemkaribisha mgeni.

"Kaa, baba."

Nilikuwa sijawahi kukaa pale. Kiti nilikinunua, nikakiweka, nikawakalisha watu, lakini mimi mwenyewe, sikuwahi. Nikaketi, na mara nikajua kwamba kina msumari. Uko upande wa kulia, haukuchomi moja kwa moja, unakungojea usogee. Nikauliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Kengele akasema wote walidhani ni sehemu ya somo.

Nikafumba macho. Pumzi ikaingia, ikatoka. Kwanza niliona chuki, ndogo, dhidi ya Kengele. Hiyo ikapita kama inzi. Chini yake kulikuwa na kitu kikubwa zaidi kilichojificha kimya, na kilikuwa kinafanana sana na supu. Kilifanana na binti yangu akiingia Jumapili bila kubisha, akininyang'anya miwani usoni, akiisafisha kwa pindo la gauni huku akinisema ninavyoichafua. Tamaa yangu haikuwa na pembe. Ilikuwa imevaa kanzu ya busara, inazungumza polepole, inataka mtoto abaki. Nami nilikuwa nimeiita utulivu.

Nilipofumbua macho nilimwona binti yangu amesimama mbele ya kioo, amejishika kiuno, anapiga miayo. Miayo mikubwa, ya kutoka tumboni.

Nikasema hiyo ni njaa.

"Ni miayo," akasema Kengele. "Nimeona mpaka gego la mwisho." Kisha akashuka kutoka kiti cha kunyolea, uso nusu kichaka nusu uwanja, akampisha kwa kuinama kidogo kama mbele ya malkia.

Sheria ni sheria. Nikamfunga shuka shingoni, nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: unataka nini? Nilikuwa naomba moyoni aseme apunguziwe ncha. Akafikiri. Sauti yake iliporudi ilikuwa imetulia, haina mawimbi.

"Kazi ile naitaka," akasema. "Nikiwa na hasira naitaka, nikiwa nimepoa naitaka. Nywele hizi sizitaki tena, na si kwa ajili yake. Zimekuwa za shangazi kuliko zangu. Kuhusu yule bwana, bado sijui."

Nikawasha mashine. Nywele zikaanza kuanguka magotini kwake, nami, kwa kuwa mikono ikiwa kazini ulimi wangu husema kweli kirahisi zaidi, nikamweleza habari ya lile somo lililokatika. Nilimweleza kwamba mwenzake hakumdharau. Alifanya alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Nikamweleza na habari ya supu.

Nikafika utosini.

"Kwa hiyo aliyenipumulia hotelini ni wewe," akasema. Niliona mabega yake yanacheza chini ya shuka, nikadhani analia, mpaka nilipomtazama kwenye kioo.

Zilikuwa zimebaki nywele za kisogoni na za nyuma ya masikio pale Bwana Baridi alipoingia na sanduku lake la zana, shati limemganda mgongoni. Alijieleza kwa mafungu. Alipofumbua macho pale hotelini, kwenye kiti cha binti yangu alimkuta bwana mzima asiyemjua, anakula. Alitoka mbio, akaenda kazini kwake, akaenda nyumbani, akarudi. Kisha akaona kichwa. Akasimama. Nikaona mgongo wake unanyooka na kope zinaanza kushuka polepole.

"Ukifumba tu," akasema binti yangu, "hakuna harusi."

Kope zikapanda. Maskini, aliyatoa macho kama bundi. Akatafuta la kusema, na la kwanza kumtoka likawa kwamba mchumba wake sasa amefanana sana na baba yake. Kengele akageukia ukutani. Mimi, ambaye kipara changu kinajulikana mtaa mzima, sikujua nifurahi au nimtoe nje. Binti yangu hakucheka. Alimuuliza tena swali lile lile la mchana, kwa maneno yale yale, na wakati huu akamtazama moja kwa moja.

"Naogopa," akasema Bwana Baridi. "Kule simjui mtu hata mmoja. Lakini friji zinaharibika kila mahali. Twende."

Binti yangu akamuuliza ameamua saa ngapi. Bwana akasema aliamua mapema tu, kijiko bado hakijapoa. Muda wote uliobaki alikuwa anangoja aone kitu kingine kitakachotokea, kwa sababu hakuambiwa mwisho wa zoezi uko wapi. Aliponitazama, nilijishughulisha na kupuliza nywele zilizonasa kwenye meno ya mashine. Hapo ndipo binti yangu alipocheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, akanyoosha mkono chini ya shuka akamshika kidole.

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, baba? Sitaki mwalimu. Nakuuliza wewe."

Niliisikia ile sauti laini ikijiandaa kooni, tayari na mifano yake. Nikaiacha ipite.

"Sitaki uende," nikasema. "Nenda."

Kengele akaanza kukohoa, akaghairi. Binti yangu alitikisa kichwa kukubali, na mwanga wa dirisha ukateleza juu ya kichwa kile kipya ambacho mara ya mwisho nilikiona hivyo akiwa mtoto wa kubebwa. Kisha Bwana Baridi akaja na swali la fundi. Alisema nywele zitaota, na kule hatakuwepo mzee; sasa nani atakuwa anamnyoa?

Nikamtazama mikono. Ni mikono mizuri, iliyozoea nyaya nyembamba na skrubu ndogo. Nikampa mashine ikiwa bado inanguruma. Aliipokea kwa mikono miwili kama kitu kilicho hai, akaisogeza kisogoni kwa mchumba wake, akaanza kupiga mluzi bila kujijua. Binti yangu akamwambia akimkata atamrudisha kwao kabla hajamchukua.

"Kunja sikio kwanza," nikamwambia. "Hivyo. Usibonyeze. Mwache yeye akae wima, wewe ndiye uiname."