Ukuta Ulioinamisha Pikapu

Dada yetu alizitupa funguo mezani, zikateleza hadi kwenye kikombe cha kaka.

"Siikanyagi tena hiyo pikapu. Leo kwenye kona ya mteremko matairi ya kulia yamenyanyuka. Mna dada mmoja tu, au mmesahau?"

Tulikuwa tukila kwa pikapu hiyo sote watatu: kaka akifyatua matofali, mimi nikitafuta wateja, dada akiendesha. Nayo ilikuwa imelalia kushoto kama mtu anayeumwa jino.

"Springi imechoka," kaka alisema.

"Springi zote mbili ni mpya!" dada akajibu. "Fundi alizibadili kwa pamoja, kushoto na kulia, kama inavyotakiwa. Imerudi kuinama kule kule."

"Basi tushindilie mpira kwenye hiyo ya kushoto. Itasimama sawa."

Hapo nikawaka. Mgonjwa unamwekea mto ubavuni, halafu unasema amepona! Nilitoka nikaenda uwanjani kuangalia wanavyopakia.

Upande wa kulia pikapu ilikaribia kugusa ukuta. Paka mwenyewe angepita kwa kujibana. Wapakiaji walisimama kushoto na kupanga matofali pale mkono unapofika. Mzigo wote upande mmoja, asubuhi mpaka jioni. Springi gani itavumilia? Na lango letu liko kwenye kona, kuingia kinyumenyume ili kubadili upande haiwezekani.

Ukuta wenyewe kaka aliujenga katikati ya uwanja wa babu, alipogombana na binamu yetu anayekaa upande wa pili kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Kabla ya hapo tulipakia pande zote mbili, na gari lilinyooka.

"Kaka, springi haina kosa," nilimwambia niliporudi mezani. "Ni ukuta wako."

"Waambieni wapande juu wapange katikati."

"Nimewaambia mpaka koo limekauka," dada alisema. "Nikigeuza mgongo tu, yale yale."

"Ukuta hauguswi! Yule mtu hatauona uso wangu mpaka nizikwe."

"Na akitangulia kuzikwa dada?" nilifoka. "Utamzika kwa ajili ya mfereji?"

"Mnadeka tu. Funguo hizi hapa, naendesha mwenyewe."

Dada alikunja mikono. "Nenda, kaka. Ukifika kwenye kona, egemea kulia. Huo mwili wako leo utatufaa."

Pikapu ilitoka langoni na mzigo wake. Kwenye kona ya kwanza tu ikayumba, matofali yakateleza, mengine yakaanguka na kupasuka barabarani. Ikasimama. Kaka alibaki ameukamata usukani, hashuki, hata madereva wa nyuma walipomtukana mchana kweupe.

Alirudi kwa miguu. Alitupita bila kutuangalia. Kaka hajui kuomba radhi, hakuzaliwa na neno hilo. Aliingia stoo akatoka na nyundo kubwa.

"Nikusaidie?" nilimuuliza.

"Nani kakuuliza?"

Sikumsaidia. Hasira zilikuwa bado zinanichemka, na mimi si wa kubembeleza mtu aliyetaka kuniulia dada. Alipiga ukuta, akapiga tena, jasho likamtiririka, ukatoa vumbi tu. Matofali yetu ni magumu, hilo lazima niseme.

Sauti ya binamu ikatoka ng'ambo: "Nyie! Hodi gani hiyo?"

Kaka alipangusa uso kwa mkono.

"Acha maneno yako! Lete nyundo, gonga na wewe huko!"