Wavu Uliolazwa Nchi Kavu

Mlio ulitoka ndani ya mwitu jua likiwa bado halijachomoza, mlio mrefu wenye mkwaruzo, kama wa mtoto mchanga aliyelia mpaka sauti ikamkauka. Ukakatika. Ukaanza tena.

"Tumepata, kaka Walidi," alinong'ona Adnan, akishuka kwenye kihori na suruali ameikunja mpaka magotini. "Paa huyo."

Walidi alishuka nyuma yake. Alifunga kamba ya kihori kwenye mzizi wa mkoko, akaifunga vibaya, akaifungua, akaifunga tena. Paa halii hivyo. Paa akishtuka hupuliza pua tu na kutoweka. Lakini hakutaka kusema neno hilo mbele ya vijana wanne waliomfuata kutoka Kudhaa na matumbo matupu.

Walidi alikuwa na miaka ishirini na mbili, na ulimi wake ulijulikana kisiwa kizima. Msimu wa tatu huu alikuwa akiwavusha vijana hadi bara kuwinda paa kwa wavu, kama walivyowinda wazee wao. Kundi moja hutandaza wavu kati ya vichaka, kundi jingine huzunguka kwa mbali na kuja likiswaga, na wa kwenye wavu hukaa kimya mpaka mnyama ajitie mwenyewe. Kijana asiyeweza kunyamaza kwenye wavu hachukuliwi na nahodha yeyote wa Kudhaa. Ndivyo walivyojuana, nani wa kuaminiwa chomboni na nani wa kubaki pwani akipara samaki.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Mwitu waliozoea kuwinda uko ndani ya ardhi ya marehemu mume wa shangazi yake, Bi Zaituni, ambaye mwaka juzi alirudi kutoka Mombasa baada ya miaka mingi ya ukimbizi, akajenga kibanda, akapanda kunde, akazungushia ua wa miba. Msimu huu akatangaza: kijana anayetaka kuwinda kwake alipe dola mbili kwa simu kabla ya kuingia. Hata mtoto wa ndugu yake.

Walidi alimwambia usoni kwamba hatalipa hata senti. Adnan na mwenzake Ishaq walikuwa hawana hata simu, sembuse dola. Basi jana jioni waliingia kwa mwanya wa ua upande wa mbali, wakautandaza wavu, wakaenda zao. Baharini ndivyo wafanyavyo kila siku: jarife, wavu wa baharini, hulazwa jioni, asubuhi huenda mtu akalinyanyua na kilichomo. Hakuna aliyeona kosa.

Waliufuata mlio. Wavu ulikuwa umeanguka upande mmoja, na ndani yake alikuwemo mbuzi jike mweupe mwenye mabaka, kamba zimempita shingoni na miguuni, mguu wa nyuma umevunjika. Pembeni yake paa alikuwa amelala, amekufa tangu usiku, amekakamaa.

"Mbuzi wa shangazi yako," alisema Ishaq.

"Nina macho," alisema Walidi.

Bi Zaituni alikuwa amekwisha fika. Alisimama nyuma yao na panga la kukatia miba mkononi, kanga imefungwa kiunoni, wala hapakuwa na aliyesikia hatua zake. Alimtazama mbuzi, akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Kisu unacho?"

"Ninacho, shangazi."

"Basi mchinje kabla hajafa. Usinipotezee mara mbili."

Walidi alimwelekeza mbuzi kibla, akapiga bismillahi, akamchinja.

Walipomtundika mbuzi kwenye tawi na kuanza kumchuna, Bi Zaituni aliukusanya wavu, akaukunja begani mwake.

"Huu unabaki kwangu."

"Wavu wa babu huo," Walidi alisema. Kisu kilisimama. "Chukua chochote, shangazi. Huo ndio peke yake tuliobaki nao. Ukiuweka, hawa vijana hawawindi mwaka huu wala mwakani."

"Wavu wa babu yako ni wa baba yangu. Na katani yake nimeisokota mimi kwenye paja hili, sijafika hata kuvaa buibui. Usinifundishe wavu ni wa nani."

"Tungeingia mchana kama zamani, haya yasingetokea. Wewe umeweka bei. Paa hukumzaa, hukumlisha. Sisi baharini tunamlipa nani? Samaki ni wa anayemtoa."

"Samaki aliye ndani ya uzio wa mtu je? Ukipita ukamkuta tewa ndani ya uzio wa jirani yako, unamchukua?"

Walidi alirudi kumchuna mbuzi. Hakuna mtu wa Kudhaa anayegusa samaki aliye ndani ya uzio wa mwenzake, hata kama miti ya mtego huo imekitwa kwenye maji ya Mungu.

"Paa wananenepa kwa kunde zangu," alisema Bi Zaituni. "Ua wangu ni uzio. Ndio bei."

"Ikiwa hivyo," sauti ilisema kutoka ng'ambo ya ua, "nami nina madai."

Alikuwa Ghalib, jirani mwenye shamba la upande wa kusini, ameletwa na mlio kama wao. Aliinama akapita kwenye mwanya, akajitoa miba kwenye shati bila haraka.

"Assalamu alaikum. Mbaazi zangu zimeliwa tangu mvua za kwanza. Nilikuwa nasema, paa ni wa Mungu, nimshtaki nani? Sasa nasikia wana mwenyewe. Mwenye mbuzi hulipa mazao mbuzi akila. Mwenye paa je, Zaituni?"

Adnan alicheka, akajifanya anakohoa. Walidi alihisi moyo wake ukipanda. Hoja hiyo angeitoa yeye, na angeitoa vizuri zaidi.

"Ghalib, mbaazi zako zinaliwa na uvivu wako," alisema Bi Zaituni. "Paa wanamalizia tu."

"Wanaomalizia ni wako, kwa maneno yako."

Bi Zaituni aliushusha wavu, akaukalia. Alichomoa majani yaliyonasa kwenye matundu.

"Haya. Paa si wangu," alisema. "Mmeshinda. Sasa niambieni. Mwaka jana nani alifungua ua huu sehemu tatu? Kunde zilizolala chini nani alizikanyaga? Makaa yaliyoachwa pale kwenye kichuguu yakanilia kibanda nusu, ya nani? Mombasa nimelipa kodi ya chumba nisichoweza kunyoosha miguu, miaka na miaka, wala hakuna aliyeniambia ardhi ni ya Mungu. Nimerudi kwangu, kila mtu ananiambia ni ya Mungu. Dola hizo si za paa. Ni za mtu wa kunizibia ua. Mimi magoti haya hayanisaidii tena."

Walidi aliukodolea macho mwanya wa ua. Siku zote jibu humjia kabla ya swali kwisha, na hilo ndilo alilojivunia kuliko hata wavu. Makaa yalikuwa yao. Mwanya waliopitia jana waliufungua wao mwaka jana, na mbuzi alinaswa akiufuata mwanya huohuo.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema.

"Ulinipa nafasi? Ulikuja na maneno yamepangwa kama vina vya utenzi."

Ghalib alicheka waziwazi.

"Na huyu," Bi Zaituni alimgusa paa aliyekufa kwa ncha ya panga. "Huyu mlimwulia nini? Hakuchinjwa. Haliwi na wewe, haliwi na mimi. Baba yangu alikuwa haondoki kwenye wavu hata kwenda haja. Jua likikaribia kutua anaukunja, kitu kiwe kimenasa, kisiwe. Samaki akifa ndani ya wavu ni halali yako. Mnyama wa nchi kavu akifa ndani ya wavu ni mzoga. Hilo hukufundishwa?"

"Babu alikufa nina miaka minane," alisema Walidi. "Baba alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Nilifundishwa na niliowakuta, nao ni watu wa jarife."

Hilo halikuwa jibu la kushinda, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Bi Zaituni alimtazama bila ukali.

"Mwana wa kaka yangu, sikiliza. Kijana atakayekata miba nami na kuziba ua, aingie bila senti. Asiyetaka kukata miba, alipe. Awe wa Kudhaa kisiwani, awe wa Burgao huku bara."

"Na wale wawindaji wanaokuja kwa pikipiki na bunduki?"

"Hao hata kwa dola mia."

Walidi hakupenda bei ile ibaki hata kwa mtu mmoja. Alitaka kusema. Lakini Adnan alikuwa amekwisha lichukua panga la Bi Zaituni na kuuliza miba ikatwe upande gani, na Ishaq anamfuata. Ilimchoma Walidi kwamba walikubali kabla yake.

"Na mbuzi?" aliuliza.

"Mbuzi tutamla sote leo, mfupa umbakie Ghalib kwa ajili ya mbaazi zake. Sitaki fidia. Nataka ahadi moja juu ya wavu huu, naitaka kwa sauti, vijana wakisikia."

Aliinuka kutoka kwenye wavu, lakini hakumpa. Aliushika kwa mikono miwili, akangoja.

Walidi alifuta kisu kwenye majani. Alikuwa na maneno mengi mazuri ya kuahidia, yote akayaacha. Alimwita Adnan arudi, akamwita Ishaq na wenzao, wakasimama karibu na paa aliyekakamaa.

"Shangazi," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye ua, "wavu huu hautalala tena nchi kavu. Jua halitatua mimi sijaukunja kwa mkono wangu. Na siku utakapoukuta umelala, ukate wote, nami nitakushikia upande mmoja."