Zohali katika Nyumba ya Mama

Poonkodi alisema haolewi, na alisema hivyo huku ananipakulia idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, kama mtu anayetangaza kwamba chumvi imekwisha. Nilitaka nimchape kwa mwiko.

"Mchumba wako Elango ana kasoro gani?" nikamuuliza.

"Hana kasoro. Namfikiria mama yake."

"Mama yake? Mwanamke anayekupenda kuliko anavyompenda mwanawe? Juzi tu kakuletea fenesi zima, kalibeba mwenyewe!"

"Ndiyo hivyo, Shangazi. Na mimi nampenda. Sitaki afe."

Nilijua hayo maneno yametoka wapi. Usiku aliozaliwa Poonkodi, mama yake, wifi yangu, alitokwa na damu nyingi, na gari la kumpeleka hospitali likachelewa. Asubuhi alikuwa maiti. Mnajimu wa ukoo akaja kumpigia mtoto falaki. Akachora vyumba vyake kumi na viwili, akaweka kidole kwenye chumba cha nne, nyumba ya mama, ambamo Mwezi na Zohali walikuwa wamekaa pamoja. Akatamka neno moja tu: sumu. Ndivyo wanajimu wetu wanavyouita mkutano wa hao wawili. Mwezi ndiye mama, na Zohali, nyota ya mikosi, kila mtu anamjua. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nani angeuliza, na maiti iko ndani?

Basi mtoto akakua na lile neno. Wazee wa kike walimnong'onea kwenye harusi za watu, wenzake shuleni wakamtania. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mfamasia, anasoma majina ya dawa yanayoushinda ulimi wangu, lakini aliamini kwamba nyumba yoyote atakayoingia, mama wa nyumba hiyo atakufa.

Mimi ndiye niliyemlea. Mguu wangu wa kushoto umepooza tangu utotoni, wachumba hawakubisha hodi, na baba yake, kaka yangu Arumugam, hakujua hata kumshika mtoto bila kumwinamisha kichwa. Kila Jumamosi nilikwenda hekaluni kumwashia Zohali taa ya mafuta ya ufuta, nikawamwagia wali kunguru wake, kisha nikamwambia atoke katika nyumba ya mtoto wangu. Sikumbembeleza. Nilimtukana.

Nikampeleka Poonkodi kwa Kamatchi, mnajimu wa mtaa wa wafumaji hariri, mwanamke wa rika langu na mwenye mdomo kama wangu. Tulimkuta barazani anachambua majani ya mlonge. Tukamwekea tambuu na ndizi mbele yake kama ilivyo ada. Poonkodi alipoinama kuvua viatu, nikamkonyeza Kamatchi: mdanganye, mwambie chochote kizuri.

"Wewe Thilaka, jicho lako lina nini?" Kamatchi akauliza kwa sauti. "Kama limeingia mdudu, kanawe."

Poonkodi akanitazama. Niliona haya mpaka masikioni.

Kamatchi akachora vyumba kwa chaki juu ya ubao, akaweka nyota mahali pake, kisha vidole vyake vikarudi kwenye mlonge.

"Sikufichi, mwanangu," akasema mwishowe. "Mwezi wako ni mwembamba, ulikuwa unakwisha. Mama aliyekuzaa hakuwa na siku nyingi."

Nilitaka kusimama tuondoke. Poonkodi akanishika mkono.

"Kwa hiyo nilimuua," akasema.

"Aliuawa na damu na gari lililochelewa. Mwezi ulikuwa mwembamba kabla hujapumua. Mtoto mchanga atamuuaje mtu, kwa kunyonya?" Kamatchi akagonga ubao. "Sasa nijibu. Hiki chumba cha nne ni nyumba ya nani?"

"Ya mama."

"Ndiyo, lakini ni buruji gani kati ya zile kumi na mbili?"

"Jadi, ile ya Mbuzi."

"Na mwenye Jadi ni nani?"

Poonkodi akafikiri. "Zohali."

"Basi! Zohali yuko kwake. Watu wamemfanya mwizi aliyevunja nyumba ya mama yako, kumbe ndiye mwenye nyumba, na ana nguvu zake zote. Mwezi dhaifu umeingia kwake na mtoto mkononi. Huyo mnajimu wenu alisoma jina la mkutano, hakusoma mkutano. Haya, niambie, Zohali ana sifa gani? Hata watoto wanazijua."

"Hana haraka," Poonkodi akaanza. "Anafanya kazi ngumu. Mkali. Akikaa mahali, habanduki. Na anache..."

Akakoma. Akageuka polepole kunitazama, akanitazama mguu.

"Malizia," Kamatchi akasema.

"Anachechemea."

Mimi nilichelewa kuelewa. Nilikuwa bado nimemkasirikia Kamatchi kwa ule Mwezi mwembamba. Kisha nikaelewa. Jumamosi zote zile! Nilikuwa namfukuza nani?

"Falaki yako haisemi kwamba mama atakufa," Kamatchi akamwambia, safari hii kwa upole. "Inasema mmoja ataondoka mapema, na mwingine, mchelewaji, mwenye mdomo mchungu, atakaa. Umekula wali wake tangu hujaota meno, unaniuliza sumu iko wapi?"

Poonkodi akautazama ubao. Kisha akajifuta macho, akasema, "Naolewa. Lakini maji ya kunikabidhi atayamimina Shangazi."

"Una wazimu?" nikamaka. Kwetu maji hayo, ya kumkabidhi bibi harusi kwa mumewe, humiminwa na mama yake, na asipokuwepo, hutafutwa mke wa mtu. Tulishakubaliana atakuwa mke wa mdogo wetu. Mimi mahali pangu palikuwa jikoni, kusimamia masufuria. "Mimi sina mume! Nipande jukwaani na huu mguu? Watu watasema!"

"Walishasema sumu," Kamatchi akajibu bila kuinua macho. "Wana kipi kingine cha kusema?"

"Usipomimina wewe, siolewi," Poonkodi akasema. "Nitakaa hapa nyumbani tuzeeke wote wawili, tugombane kila siku."

Nilifungua mdomo nimkaripie, karipio halikutoka. Kikatoka kilio, tena cha sauti, hapo barazani, wafumaji wanapita na baiskeli zao. Poonkodi akavuta ncha ya sari yangu, akanifuta macho, halafu akanibana pua nipenge, kwa nguvu, bila kuniuliza, kama nilivyomfanyia utoto wake wote.