Madawati ya Kuazima

Siku serikali ilipotangaza kwamba imeongeza fungu la shule za umma, walimu walishangilia ofisini mpaka chai ikapoa. Mwalimu wa darasa la kwanza peke yake ndiye aliyeuliza, "Fedha zitaanzia wapi?" Wenzake walimbandika jina la Kulikoni, maana hakuna jambo lililompita bila kuulizwa. Na safari hii alikuwa na haki. Watoto wake themanini na saba walisoma sakafuni, dawati hawana hata la dawa.

Jibu lilikuja: mkaguzi atapita, na shule yenye hali mbaya kuliko zote ndiyo itakayoanza. Wengine mwaka ujao, au ule mwingine, nani ajuaye.

Sasa, mtu na akili zake si angeiacha shida ionekane? Lakini mwalimu mkuu, masikini wa Mungu, alikuwa mtu wa kupokea wageni. Hakuweza, kabisa, kumwonyesha mgeni aibu ya nyumbani. Akaazima madawati thelathini shule ya jirani, yakaletwa asubuhi kwa mikokoteni, yakafutwa vumbi, na watoto wakapangwa watatu watatu.

"Mkuu, kulikoni?" Mwalimu hakuamini macho yake.

"Mgeni atukute tumekaa kama watu. Na wewe, mama, nakuomba: leo usimwambie neno nje ya somo." Mwalimu akaahidi, shingo upande.

Mkaguzi alifika saa nne, shati limemganda mgongoni, daftari mkononi. Akatazama kuta, akatazama dari, akaandika. Anaandika nini jamani? Kulikoni alijifanya anafuta ubao, akasogea, akachungulia begani kwake. *Madawati yapo. Hali nzuri.*

Hali nzuri? Mwaka mzima mwingine wa vumbi na vikohozi, kwa sababu ya adabu? Hasira zilimpanda, lakini ahadi ni ahadi. Mkaguzi alikuwa keshaushika mlango.

"Mzee, usiondoke hujaona mwandiko wao," alisema. Hilo lilikuwa somo, si jambo lingine. Kisha akawageukia watoto. "Haya wanangu, tuandike!"

Mara watoto wote themanini na saba wakateremka kwenye madawati. Wakajipenyeza chini na katikati, kila mmoja akitafuta sehemu yake, wakalala kifudifudi, miguu juu, penseli mkononi. Ndivyo walivyofundishwa. Darasa likanyamaza, zikasikika penseli tu.

Mwalimu mkuu alitamani ardhi immeze.

Mkaguzi alichuchumaa karibu na kabinti kalikokuwa kanang'ang'ana na herufi. "Mbona huandikii pale juu?"

"Pale ni pa kukaa mgeni akija," kalijibu bila kuinua kichwa. "Kuandika ni huku."

Akakashika mkono taratibu, akakageuza kiwiko. Kilikuwa kimeota sugu, mtoto wa miaka sita. Akatazama na cha jirani yake. Nacho hivyo hivyo.

"Haya madawati ni ya nani?" aliuliza, bado amechuchumaa.

"Ya shule ya jirani," mwalimu mkuu alijibu kwa sauti ya mtu mgonjwa.

"Shule ya jirani nimetoka huko sasa hivi. Nimekuta darasa zima limekaa chini, hakuna hata dawati moja. Nikawahurumia, nikawaandika wa kwanza."

Mwalimu mkuu akajikuta amekalia dawati la kwanza aliloliona. Kulikoni alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

Mkaguzi alifungua daftari, akafuta kurasa mbili kwa mistari mirefu, akaanza kuandika upya. Kulikoni hakujificha tena. Alisimama kando yake, shingo ndefu, akisoma kila neno.

"Mwalimu, unataka kujua nini?"

"Kama umeandika na viwiko."

Mkaguzi akarudisha kalamu kwenye karatasi, akaandika viwiko.