Sayari Kisimani

Nilikuwa na hakika kwamba Cornel ameuficha ule utafiti. Mtu anayenunua dhahabu ya Buseresere nzima, kijiji chetu, atashindwaje na makaratasi? Mwaka 1993 alikuja kwetu Irfan, mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa mwenye duka la vitambaa mjini Shinyanga. Alikuwa anapima zebaki, ile wachimbaji wanayokamatishia dhahabu. Akachota maji visimani, akakwangua masizi majikoni, akatuuliza maswali mpaka tukachoka. Akaondoka, na majibu hatukuyaona.

Miaka mitatu baadaye binti yangu Monika alikuwa na mimba ya miezi mitano, mikono ikimtetemeka hata kikombe cha uji hakishiki. Cornel alikuwa anachomea dhahabu, ili zebaki itoke kwa moshi, karibu kabisa na kisima chetu. Jumamosi kijiji kilikuwa kikae kuamua kama ahamishwe, na mimi nilitaka utafiti wa Irfan mkononi. Nikapanda basi kwenda Shinyanga.

Niliambiwa kuna chumba pale Ngokolo, mjini humo, ambamo nakala za tafiti za kanda yetu huwekwa, na yeyote anasoma bure. Bure! Neno hilo huwa linanitia wasiwasi.

"Shikamoo mama," alisema mtunzaji, kijana wa Ushirombo aitwaye Ansgar.

"Marahaba." Nilimtazama viatu. Vilikuwa vipya.

Alivuta droo za kadi. Kwenye zebaki, hakuna kitu. Kwenye dhahabu, kadi kumi na mbili, ya Irfan haimo. Kwenye visima, hakuna.

"Tafuta kwa jina la Irfan, basi."

"Tumepanga kwa mada tu, mama. Kadi za majina bado."

"Cornel alishafika hapa?"

"Cornel yupi?"

Alivyouliza kwa upole ndivyo nilivyozidi kumshuku. Akafungua daftari la mapokezi, na hapo jina la Irfan likaonekana: kazi ilipokelewa mwaka 1994. Kumbe ilifika! Nikagonga meza, nikamwambia aitoe alikoificha.

Ansgar alisoma mara mbili mstari wenye jina la kazi hiyo, ulioandikwa kwa Kiingereza, akashika kichwa.

"Mama, nisamehe. Kadi zilikuwa za Kiingereza. Nilizitafsiri mwenyewe kwa kamusi, ili watu wa huku wazipate kwa urahisi."

Akaenda kwenye droo ya nyota na mwezi, akarudi na kadi: *Utaridi katika Visima na Makazi ya Buseresere*.

"Utaridi ndiyo nini?"

"Ni sayari. Kwa Kiingereza, jina lake na la zebaki ni moja."

"Yaani umetutilia sayari kisimani!" Nilitaka kucheka na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

Alileta kitabu chenyewe, akanisomea kwa Kiswahili. Maji ya visima yalikuwa na zebaki kidogo sana, hata kisima cha karibu na Cornel.

"Unanitafsiria au unanitungia?"

Akanigeuzia jedwali nione tarakimu kwa macho yangu. Kisha akaendelea: zebaki nyingi kuliko kote ilikutwa kwenye masizi ya jiko, nyumba namba tisa, ambako mwenye nyumba huchomea dhahabu ndani.

Namba tisa Irfan aliiandika kwa chaki kwenye mlango wetu, nikamfokea. Mwenye nyumba ni mume wangu, Maduhu. Na aliyemwambia achomee ndani ni mimi, kwa sababu simwamini mtu, sikutaka jirani ajue tumepata nini. Humo jikoni Monika anapika asubuhi na jioni.

Ansgar alichana ile kadi, akachukua mpya. "Nisaidie, mama, nisikosee tena. Mtu wa kwenu akija kutafuta kazi hii, ataulizia neno gani?"

"Zebaki."

Akaandika. "Lingine?"

Ningeweza kusema basi. Jumamosi wangemhamisha Cornel, nikarudi nyumbani na ushindi wangu, na hakuna ambaye angejua.

"Andika jiko," nilisema, machozi yakinitoka mbele ya mtoto wa watu. "Na huo ukurasa wa namba tisa nitolee nakala, uniandikie na Kiswahili chake. Jumamosi nausoma mwenyewe."