Mfuko wa Upande wa Kulia

Koti lilitoka kwenye rundo la mitumba, limepauka mabegani kama lililoanikwa juani miaka miwili. Shangazi, fundi wa magauni, alifumua pindo kidogo, akainua bitana, akatazama kitambaa pande zote mbili. Ndani kilikuwa cheusi tii. "Hili linageuzika," akasema. Akalifumua lote, kipande kwa kipande, akageuza cha ndani nje, akashona upya. Mtoto wa kaka yake alipolivaa mbele ya kioo cha kabati, alijiona kama bwana harusi wa kuazima.

Kesho yake alikuwa na siku moja ya majaribio katika duka la suti, na alikuwa amekaa bila kazi mwaka mzima. Mwenye duka alikuwa na sharti moja: muuzaji avae suti yake mwenyewe, asiazime ya dukani. Suruali alikuwa nayo. Suti mpya ingemeza kodi ya miezi mitatu.

Kosa alilijua saa tatu asubuhi. Alikuwa amesimama bega kwa bega na muuzaji mkongwe aliyeitwa Tai, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni. Tai alichomoa kalamu kwenye mfuko wa kifuani, upande wa kushoto. Kijana naye akapeleka mkono kushoto, akapapasa kitambaa kitupu. Mfuko wake ulikuwa kulia.

Koti likigeuzwa ndani nje, kushoto huwa kulia. Lakini yeye alijitazama kwenye kioo tu, na kioo nacho hugeuza. Alichokiona kilifanana kabisa na mwanamume yeyote anayekutana naye uso kwa uso. Vifungo navyo vilifungika kike, na shangazi, aliyeshona magauni maisha yake yote, hakuona cha ajabu.

Akachukua faili la sampuli za vitambaa, akalikumbatia kifuani.

"Unaumwa kifua, mdogo wangu?" Tai akauliza.

"Hapana, kaka. Najifunza vitambaa."

"Jifunze ukiwa umeliweka mezani. Hapa hatuuzi mafaili."

Mwenye duka, mzee mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni, alikuwa akiandika kwenye kaunta. Hakuinua kichwa. Hilo ndilo lililomnyima raha kijana. Hakujua kama mzee hajaona, au ameona na anasubiri.

Alasiri akaingia mwalimu wa sekondari, vidole vina chaki. Akachagua suti mbili, moja ya kung'aa na moja nyeusi ya kawaida.

"Nilikuja na nia ya moja," alisema. "Nikijikaza nitamudu zote mbili. Au moja inatosha? Ipi itadumu?"

Asubuhi Tai alikuwa amemwambia: aliyekuja kununua moja atoke na mbili, hiyo ndiyo kazi. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini suti ile nyeusi aliitambua; kitambaa kilikuwa ndugu wa koti lake. Kumwonyesha mtu kitambaa kunataka mikono miwili. Akaangalia kaunta, akaliweka faili mezani.

"Tazama, mwalimu. Hii ya kung'aa ina uso mmoja, ndani ni nyuzi tu. Ikipauka, basi. Hii nyeusi ni ileile pande zote. Ivae miaka mitano, ikichoka mpelekee fundi aigeuze, unaanza upya."

"Inageuzwaje?"

"Kama hili nililovaa."

Mwalimu akatazama mfuko, kisha vifungo. "Kumbe. Mimi nilidhani umevaa la mkeo."

Nyuma, Tai akakohoa kikohozi kirefu kuliko kilichohitajika.

Mwalimu alinunua moja.

Wakati wa kufunga, mzee alimwita. "Vua."

Akalipokea koti, akapitisha ukucha kwenye mshono wa kola, taratibu.

"Nililiona tangu ulipoingia mlangoni," alisema. "Nilikuwa nasubiri uone wewe. Umenikosesha suti ya pili."

"Ndiyo, mzee."

"Na umemfundisha mteja asirudi miaka mitano."

"Ndiyo, mzee."

Mzee akamrudishia koti. "Nakuongezea wiki moja ya majaribio. Nataka kuona kama yule mwalimu atawaleta wenzake. Asipoleta hata mmoja, tutaagana vizuri."

Kijana akashukuru, akatoka. Alikuwa ameshafika barabarani Tai alipomwita kutoka mlangoni.

"Mdogo wangu. Faili."

Akatazama chini. Alikuwa amelikumbatia tena. Akarudi kuliweka mezani, akaondoka huku mkono mmoja bado umejikunja kifuani. Njiani alijaribu kukadiria shule ya yule mwalimu ina walimu wangapi wanaume, akakumbuka kwamba hakumuuliza hata anafundisha wapi.