Samaki wa Mwalimu, Ng'ombe wa Masalu

Mwalimu Emerensiana alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni kuvua samaki kwa manyoya. Watu wa kijiji cha Mwamkulu walikwisha mzoea. Jumamosi akishafua na kuanika, ungemwona anakatiza mashamba ya mihogo, kofia ya ukindu kichwani, fimbo ndefu nyembamba begani, anateremkia mto Katuma. Mara nyingi alirudi bila hata samaki mmoja, na uso wake umechangamka kama aliyetoka harusini. Hapo ndipo watu walipokuwa hawamwelewi.

Ugonjwa huo aliambukizwa na Mnorwe mmoja, mchimba visima, aliyekuja miaka ya themanini akapewa nyumba jirani na shule. Emerensiana alikuwa mwalimu mgeni, mjane asiye na mtoto. Alimfundisha Mnorwe Kiswahili, Mnorwe akamfundisha mto. Siku ya kuondoka alimwachia fimbo, kigurudumu chenye uzi mnene wa kijani, na kopo la ndoano ndogo kama kope za mtoto. Ndoano zilipokwisha, shemeji yake wa Karema akawa anamtumia nyingine kutoka kwa wavuvi wa ziwani. Manyoya aliyaokota mwenyewe, ya kanga, ya kwale, ya jogoo wa jirani. Akiyafunga kwa uzi wa cherehani, ndoano inageuka mdudu, na kuyu, yule samaki wa magamba ya dhahabu, akimwona juu ya maji anadhani ni panzi aliyeteleza kwenye jani.

Masalu alimkuta kwenye kazi hiyo mwaka 1994. Alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka upande wa Shinyanga na mke, watoto na ng'ombe sitini, akimfuata kaka yake Maduhu aliyetangulia. Siku hiyo alileta ng'ombe kunywa. Ng'ombe walikunywa wakashiba wakaanza kula majani, yeye bado amesimama ng'ambo, ameegemea fimbo yake, anatazama.

"Mwangaluka, Mwalimu," alisema hatimaye. Binti yake Nyanzala alikuwa darasa la pili, kwa hiyo alimfahamu.

"Mwangaluka, Baba Nyanzala."

"Unamchapa nani?"

"Simchapi mtu. Natupa uzi."

"Mimi naona unachapa mto."

Emerensiana alicheka, akamwita avuke, akampa fimbo ajaribu. Wengi aliowahi kuwapa walijifunga uzi shingoni. Lakini mkono wa Masalu ulikuwa ukichapa mjeledi hewani tangu utotoni. Alipoambiwa asubiri uzi unyooke nyuma ndipo aupeleke mbele, alisubiri. Jua halijafika utosini, alikuwa amenasa kuyu mrefu kama mkono hadi kiwiko. Emerensiana alimpapasa samaki tumbo, akakuta limejaa mayai.

"Mrudishe," akasema.

Masalu alimtazama kama mtu aliyeambiwa amwage uji wa mtoto. "Nimrudishe majini?"

"Ndiyo."

"Halafu nikifika nyumbani niseme nini?"

"Sema ulimwona."

Akamrudisha. Alichutama palepale ukingoni mpaka samaki alipozama na kupotea, kisha akauliza Jumamosi nyingine ni saa ngapi.

Ikawa hivyo kwa miaka mitatu. Masalu alileta singa za mikia ya ng'ombe, akagundua kwamba mdudu wa singa haloi upesi kama wa manyoya, na Emerensiana akakubali kwamba mwanafunzi kampita mwalimu. Mahali walipopapenda zaidi palikuwa Kidimbwi cha Mikuyu, penye kina kirefu na kivuli. Masalu alihamishia ng'ombe wake kivukoni, chini zaidi, wasikivuruge, akazungushia kidimbwi wigo wa miiba, akawasihi wachungaji wenzake wafanye kama yeye. Emerensiana na watoto wa darasa la sita walipanda miti kwenye kingo zilizomomonyoka. Maneno ya watu hayakukosekana, mwanamke mjane na mume wa mtu, kila Jumamosi, mtoni. Basi Mama Nyanzala akaja mwenyewe kushuhudia. Alikaa juu ya jiwe tangu asubuhi mpaka alasiri, akawatazama wanavyorusha nyuzi bila kusemezana, akarudi nyumbani akawaambia majirani zake, "Waacheni. Hao ni wagonjwa tu."

Mwaka 1997 mvua zilikatika mapema. Kufika Juni maji ya Katuma yalikuwa magotini, na Julai yakatokeza mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Kila mtu alisema ni ukame. Emerensiana alikuwa ameona ukame mwingine, na nyakati hizo mto ulipungua tu, haukusimama. Jumamosi moja yeye na Masalu waliacha fimbo nyumbani wakaufuata mto kwenda juu.

Walitembea saa tatu kabla ya kukuta banio la kwanza. Magogo, viroba vya mchanga na udongo vilikuwa vimeukinga mto, na maji yakageuzwa kushoto kwenye mfereji hadi majaruba ya mpunga, kijani kibichi katikati ya nchi iliyokauka. Juu yake banio la pili, na la tatu. Kwenye la nne kulikuwa na mtu kwenye tope hadi magotini, anasawazisha tuta kwa jembe. Alikuwa Maduhu, kaka yake Masalu.

Maduhu aliwakaribisha vizuri. Aliwakalisha kivulini, mkewe akaleta maziwa ya mgando, na hakuna aliyegusia mto mpaka vikombe vilipofika nusu.

"Kaka, huko chini maji yamekwisha," Masalu alisema.

"Najua."

"Ng'ombe wanakunywa tope."

"Najua, Masalu. Nami juu yangu kuna mabanio sita. Maji haya unayoyaona ni masazo yao. Nikibomoa langu leo, huyo wa chini yangu atayakinga kabla hayajafika kwenu."

"Mkikubaliana wote mbomoe?" Emerensiana aliuliza.

Maduhu alifuta mikono yake kwenye majani. "Mwalimu, mwaka jana hapa tulikula mara moja kwa siku. Nyie mnapenda samaki, na mimi sina ugomvi na samaki. Niambie tu watoto hawa wale nini mpaka mvua, nitachukua jembe nibomoe sasa hivi, unaniona."

Emerensiana alitafuta jibu. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amesimama mbele ya madarasa, na kila swali alilipatia la kujibu, hata kama ni kusema tutaliangalia kesho. Hapa alitazama watoto wanne wa Maduhu waliokaa juu ya tuta, wamechovya miguu majini, akamaliza maziwa yake akashukuru.

Emerensiana aliandika barua kuhusu mabanio. Aliipeleka mwenyewe kwa baiskeli hadi Mpanda mjini, kwenye ofisi ya maji aliyoelekezwa. Kijana aliyempokea alikuwa na adabu, na aliisoma mara mbili.

"Mabanio haya hayana kibali, Mwalimu. Kisheria yanaondolewa."

"Lini?"

Kijana alimwonyesha nje ya dirisha. Gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe manne, halina magurudumu. "Na hata lingekuwa zima," alisema kwa sauti ya chini, "mwezi uliopita wakubwa walipita kule kuwapongeza kwa mpunga. Sasa niende mimi kubomoa? Barua nitaipeleka mbele."

Kijijini alinyoosha mkono kwenye mkutano. Walimsikiliza kwa heshima. Alipokaa, bibi mmoja akauliza kama hao samaki wa Mwalimu huwa wanaliwa au ni wale wa kurudishwa. Watu wakacheka, tena si kwa ubaya, na mwenyekiti akaendelea na ajenda ya vyoo vya shule.

Agosti mto ulikatikakatika ukabaki madimbwi. Samaki walijazana humo wakitoa midomo juu. Emerensiana na Masalu walifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wao. Waliwazoa kwa chandarua kikuukuu, wakawatia kwenye madumu yaliyokatwa midomo, wakayafunga kwenye baiskeli na kuwapeleka Kidimbwi cha Mikuyu, ambacho bado kilikuwa na kina cha mtu mzima. Jumamosi tatu walishinda kwenye kazi hiyo, hata Mama Nyanzala akaja na ndoo yake. Waliokoa kuyu mia na kitu. Walikata matawi wakayatandaza juu ya maji kuongeza kivuli. Jioni, akitoka shule, Emerensiana aliwatupia mchwa, na alipowaona wanapanda wakiwa wengi, migongo ya dhahabu ikigusana, alijiambia kwamba Novemba na mvua zake si mbali.

Septemba ilipita. Kivuko kilikauka, na visima ambavyo wachungaji walichimba mchangani vikakauka navyo. Masalu hakuonekana Jumamosi moja, wala ya pili. Katikati ya Oktoba alikuja shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne, peke yake, kofia mkononi. Alikuwa amekonda.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia kabla hujaona kwa macho."

Emerensiana alijua. Alijua tangu alipomwona anaingia getini, labda hata tangu Jumamosi ile ya kwanza aliyokosekana.

"Wameanguka saba," Masalu alisema. "Jana ameanguka ndama, na mama yake akagoma kuondoka pale."

"Huwezi kuwapeleka mto Ugalla?"

"Hawafiki. Hawafiki nusu ya njia."

"Na pampu ya kisima hapa kijijini?"

"Nimepanga foleni siku mbili. Ng'ombe hamsini na ndoo, Mwalimu. Akina mama wamenivumilia, leo wamenikatalia, nao hawana kosa." Alizungusha kofia mkononi. "Nikatalie basi. Ukisema hapana, sitakulaumu."

"Nikisema hapana utafanya nini?"

"Sijui."

Watoto walikuwa wakipiga kelele uwanjani. Emerensiana alitamani kengele igongwe ili apate pa kwenda.

"Yale maji ya Kidimbwi si yangu, Baba Nyanzala," alisema.

"Si yako. Lakini nimekuja kwako."

Emerensiana alimwomba saa moja tu. Alimwachia mwalimu mwenzake darasa, wakaenda wote wawili na chandarua. Walipata samaki ishirini hivi, wakawatia kwenye pipa uani kwake, na zaidi ya hapo hapakuwa na pa kuwaweka. Kisha Masalu akaing'oa miiba kwa mikono yake, na mdogo wa mkewe aliyekuwa na ng'ombe juu ya kilima akapigiwa mluzi.

Masalu alikuwa amepanga kuwaingiza kumi kumi. Lakini ng'ombe walinusa maji. Walishuka kilima wote kwa pamoja, mifupa mitupu, wakikanyagana, na hakukuwa na mjeledi wa kuwazuia. Kidimbwi kilijaa migongo. Maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, kisha ya udongo, na kuyu wakaanza kuruka, wakipiga ubavu wa ng'ombe, wengine wakianguka ukingoni na kukanyagwa.

Emerensiana aliingia na gauni lake la shule. Alimshika mmoja, jike kubwa, akamwelekeza kichwa mbele na kumsukuma taratibu mbele na nyuma ili apate pumzi, kama alivyofundishwa. Lakini alimsukuma kwenye tope. Kila alipotafuta mahali penye maji angavu, kwato zilikuwa zimekwisha fika. Pembeni yake ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa anakunywa, anakunywa, macho ameyafumba, mbavu zinapanda na kushuka. Emerensiana alijaribu kumchukia akashindwa. Mkononi mwake samaki alifungua mdomo mara chache, kisha hakufungua tena.

Masalu alikuwa ng'ambo, anawaswaga waliokwisha kunywa watoke. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni bila yeye kuyafuta.

Wale wa kwenye pipa waliishi siku nne.

Mvua zilikuja Novemba, mvua ambazo wazee hawakuwa na mfano wake. Katuma ilipasua mabanio yote, ikazoa majaruba ya Maduhu na ghala lake, na kuteremka na miti mizima. Kwa wiki sita haikuvukika. Maji yalipotulia, mwezi wa Aprili, Emerensiana na Masalu walishuka na fimbo yao wakarusha uzi kwa zamu kutwa nzima. Hakuna kilichopanda isipokuwa kambale wadogo. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Mei wakapata habari kwamba huko juu watu wanajenga mabanio upya, na safari hii kwa mawe na saruji.

Baada ya wiki mbili Masalu alikuja shuleni tena. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe ishirini na watatu, na alikuwa anahama nao kushuka bonde la Ziwa Rukwa. Alihitaji barua ya uhamisho ya Nyanzala, aliyekuwa darasa la sita sasa. Emerensiana alimkaribisha kiti, naye akakataa, akasimama karibu na meza huku Mwalimu akiandika jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, maendeleo yake, tabia yake.

"Anahamia shule gani?"

"Bado sijui."

"Hata kijiji?"

Masalu alifikiri. "Tutakapokuta maji, Mwalimu."

Emerensiana alingoja kidogo, kalamu mkononi, kama huenda atakumbuka jina la mahali. Halafu akauacha mstari ule mtupu, akagonga muhuri, akampa karatasi yake.